Wanaomsubiri mlevi

Katika nyumba nyingi za Bunia, jimboni Ituri, Kongo, pombe huingia kwa mlango wa jikoni. Mama anachukua unga wa muhogo, anauchanganya na kimea cha mahindi, anauacha uchachuke siku kadhaa, kisha anaupika ndani ya pipa la chuma lililozibwa vizuri mvuke usipotee. Mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji baridi, na upande wa pili kileo kinadondoka tone kwa tone ndani ya bidoni ya njano. Wengine wanakiita kaikpo, wengine lotoko. Kwa fedha yake mtoto analipiwa shule, sabuni inapatikana, chumvi inapatikana. Kwa familia iliyokimbia mapigano ya Djugu bila jembe wala mbuzi, ikafikia kambi ya Kigonze au chumba cha kupanga huko Mudzi Pela, kazi hiyo haidai shamba wala diploma. Inadai kuni, maji na subira.

Mara nyingi mama huyohuyo ndiye anayekaa macho usiku wa manane, akipima kwa sikio kama mume anarudi kwa miguu yake au anabebwa. Yeye anawauzia waume wa wenzake. Wa kwake anakunywa kwa jirani, kwa deni. Mjini humu hilo si jambo la ajabu, ila hakuna anayelitaja kwa sauti Jumapili.

Mlevi mwenyewe amehubiriwa vya kutosha. Mchungaji anamjua, chefu wa avenue anamjua, polisi wanamjua. Watu wake ndio wasiojulikana: mke, mama mzazi, binti wa kwanza, ndugu mdogo anayeitwa gizani kwenda kumwokota mtaroni. Wakikutana na mtu mwenye busara wanaulizwa swali moja tu: anaendeleaje? Wao wenyewe wanaendeleaje, hakuna anayeuliza, na baada ya miaka kadhaa wao pia wanaacha kujiuliza. Makala haya ni ya kwao. Ninaamini kwamba jamaa wa mlevi ni mgonjwa mwenye haki ya kutibiwa hata kama mlevi hataacha kamwe, na kwamba kumwambia asubiri kwanza mume apone ni kumwongezea mzigo.

Bunia ina jibu la haraka kwa kila mlevi: ameona vita. Ni kweli ameona. Kati ya 1999 na 2003 mapigano ya Ituri yaliua watu zaidi ya 50,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na mji wenyewe ulipita kutoka mkono huu kwenda mkono ule mpaka askari wa Umoja wa Ulaya walipotua Juni 2003 kwa operesheni iliyoitwa Artemis. Mwishoni mwa 2017 moto ukawaka tena Djugu, na tangu Mei 2021 jimbo linatawaliwa na wanajeshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, wakiongozwa na Cindy Mels, waliwahoji wanafunzi 1,046 wa Ituri wenye umri wa miaka 13 hadi 21. Matokeo yalichapishwa 2009: asilimia 95 walikuwa wamepitia walau tukio moja la kutisha, na zaidi kidogo ya nusu walikuwa na dalili za kiwewe. Hesabu miaka iliyopita tangu hapo. Wanafunzi wale leo ndio baba na mama wa nyumba.

Ndiyo, baba na mama. Hapo ndipo jibu letu la haraka linapochechemea. Wasichana walihojiwa pamoja na wavulana, walikimbia njia zilezile, walizika watu walewale. Mume akinywa tunasema ni vita; mke akishindwa kulala, akiwachapa watoto bila sababu, akilia sokoni, tunasema ana roho ngumu au ana moyo mwepesi. Vita vinaeleza kwa nini mtu alianza kunywa. Havielezi kwa nini wengine saba wa nyumba hiyo wapange maisha yao yote kufuata saa zake za kulewa.

Tuongeze na dhahabu. Tangu ilipoonekana katika mito ya Kilo mwaka 1903, eneo hili limezoea fedha inayokuja kwa mkupuo. Mchimbaji wa Mongbwalu anaweza kukaa majuma mengi akila kwa mkopo, halafu siku moja mchanga unatoa. Siku hiyo bar inajua kabla ya mke. Mwanamke anajifunza kuvizia: anatuma mtoto, anapiga simu kwa mwenzake wa kule machimboni, anaomba safari ya motari ili awahi mfukoni kabla ya chupa. Ukimtazama kwa nje utasema ni mpenda fedha, kumbe analinda unga wa mwezi mzima.

Serikali zimejaribu kupambana na kileo chenyewe, tena zamani sana. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Jirani zetu wa Uganda walitunga sheria ya enguli, pombe kali ya kienyeji, mwaka 1965 ili mtu asiitoneshe nyumbani bila leseni, na mwaka 2019 wakapiga marufuku vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe. Tanzania ilikwisha kupiga marufuku viroba mwaka 2017. Kifuko kikiondoka sokoni, chupa ndogo inachukua nafasi yake, na pipa la jikoni haliombi kibali kwa mtu. Sisemi sheria hazina faida. Nasema mke wa mlevi hana muda wa kungoja sheria.

Mtazame anapofika kituo cha afya. Hasemi "mume wangu anakunywaka sana". Anasema kichwa, tumbo linachoma, moyo unapiga, usingizi hakuna. Muuguzi anapima presha, anaandika paracetamol, anamwita mgonjwa anayefuata. Mwanasaikolojia Mwingereza Jim Orford na wenzake walitumia miongo kadhaa kuwasikiliza watu kama huyu, Uingereza, Mexico, Italia, miongoni mwa wenyeji asilia wa Australia, na baadaye Goa huko India. Walichokikuta kinafanana ajabu: jamaa wa mlevi si mtu mwenye kasoro iliyomvuta mlevi kwake, ni mtu wa kawaida aliyewekwa miaka mingi chini ya mzigo usio wa kawaida, na mwili wake unalipa. Mwaka 2013 walikadiria kwamba jamaa wa watu wenye uraibu, wa pombe na wa namna nyingine, hawapungui milioni 100 duniani.

Orford na wenzake waliona pia kwamba jamaa hukimbilia mojawapo ya njia tatu. Kuna anayepambana: anamwaga pombe, anapekua mifuko, anapiga kelele, anamfuata bar. Kuna anayevumilia: analipa deni, anafua matapishi, anamwambia bosi kwamba mzee ana malaria. Na kuna anayejitenga: anahamia chumba cha watoto, anarudi kwao, au anabaki ndani ya nyumba akiwa ameondoka kwa moyo. Hakuna njia iliyo safi kabisa, na wengi huzunguka zote tatu ndani ya juma moja. Lakini hapa kwetu ni moja tu inayosifiwa. "Vumilia tu mama, njo baba ya batoto." Wazee wa ukoo wanasema hivyo kwa sababu mahari ilikwisha kuliwa na mbuzi hawarudi, wamama wa kanisa wanasema hivyo kwa sababu na wao waliambiwa hivyo. Upande wa pili kuna marafiki wanaosema "achana naye", kana kwamba kuna nyumba ya pili inayomsubiri mjini na watoto watano wanaingia kwenye begi. Kati ya mashauri hayo mawili mtu anabaki peke yake.

Lipo shauri la tatu, na lina utafiti nyuma yake. Mwaka 1999 William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha jamaa 130 wa walevi waliokataa matibabu. Waliwagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilielekezwa katika mwenendo wa Al-Anon, vikundi vya jamaa wa walevi. La pili lilifundishwa kumkalisha mlevi kikao cha ukoo na kumkabili kwa pamoja. La tatu lilifundishwa kubadili maisha ya nyumbani hatua kwa hatua, njia waliyoiita CRAFT. Walevi waliokubali kuanza matibabu walikuwa asilimia 13 katika fungu la kwanza, 30 katika la pili, 64 katika la tatu. Kikao cha ukoo, silaha yetu kubwa, kilishindwa na mabadiliko ya kimyakimya ya jikoni. Tena kuna jambo ambalo wasomaji wa matokeo haya huliruka: jamaa wa mafungu yote matatu walipata nafuu wao wenyewe, hasira ikapungua, huzuni ikapungua. Walipata nafuu hata pale ambapo mlevi hakuguswa.

Njia hiyo ya tatu inatekelezwaje Bunia? Kwanza ni kujua saa. Hakuna neno la maana linalosemwa saa saba za usiku kwa mtu aliyelewa. Lisemwe asubuhi, akiwa amenawa uso, kwa maneno machache, bila hadhira ya watoto. Siku asipokunywa, nyumba imwonyeshe kwamba imeona: chakula kikiwa moto, watu wakikaa naye, hata mzaha ukirudi. Akija amelewa, asitukanwe, asibembelezwe, asipashiwe bugali, watu walale. Deni lake la bar lisilipwe kwa fedha ya likelemba, ule mchango wa zamu, na bosi asidanganywe. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa aibu ya mlevi hapa kwetu inagawanywa kwa ukoo mzima kama nyama ya sikukuu. Mke anaficha ili watoto wasichekwe shuleni. Lakini kila anapoficha, anamwondolea mume sababu moja ya kuacha. Mambo ya hatari ya mwili ni tofauti: akilala barabarani aokotwe, akitapika damu apelekwe hospitali.

Na mahali penye kipigo, mbinu zote hizi zinawekwa kando. Mwanamke anayepigwa hahitaji kujifunza kupasha chakula kwa wakati unaofaa. Anahitaji mahali pa kukimbilia palipoandaliwa mapema, vitambulisho na vyeti vya watoto vikiwa vimehifadhiwa kwa dada au jirani, na mtu mmoja anayejua kwamba simu ikilia usiku maana yake ni moja. Bunia ina kituo cha Karibuni Wa Mama cha shirika la SOFEPADI, lililoanzishwa na kina mama wakiwa na Julienne Lusenge mwaka 2000, ambacho kimewapokea maelfu ya wanawake waliotendewa ukatili wa kijinsia. Sheria nayo imesogea: marekebisho ya Sheria ya Familia ya Julai 2016 yaliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mke alidaiwa kabla ya kufungua mashtaka au kufanya mkataba. Ukiuliza mitaani, wengi bado wanaishi kwa ile ya 1987.

Nije kwa mume anayesema asubuhi moja, "Nimechoka, ninaacha." Familia inafurahi, na hapo ndipo hatari kubwa ya mwili inapoanza. Mtu anayekunywa kileo kikali kila siku, tangu asubuhi, akikata ghafla, mwili unamgeuka. Ndani ya siku ya kwanza mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi unakataa. Anaweza kuanguka kifafa. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine wanaanza kuona vitu visivyokuwepo, wanawasiliana na watu waliokufa, homa inapanda, na bila matibabu wanaweza kufa. Ituri ina kifafa kingi, hasa maeneo ya mito yenye nzi wanaoeneza ugonjwa wa usubi. Zone ya afya ya Logo imechunguzwa sana na watafiti kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mlevi akianguka, watu wanasema ni kifafa cha ukoo. Akianza kuongea na marehemu, wanasema ni uchawi. Anapelekwa chumba cha maombi, na chumba cha maombi kinamfungisha kula.

Sina ugomvi na maombi. Kwa familia nyingi za mji huu, wale wanaokuja kukesha nao ndio watu pekee waliowahi kuja. Ila mwili uliokatiwa pombe ghafla unahitaji maji, chakula, vitamini B1 na mara nyingi diazepam kwa vipimo vya muuguzi, na kumfungisha mtu wa hali hiyo ni kumsukuma kaburini kwa nia njema. Mchungaji anayejua hilo ataomba akiwa kando ya kitanda cha hospitali. Matibabu haya hayahitaji daktari bingwa: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mwongozo uitwao mhGAP kwa ajili ya wauguzi na madaktari wa kawaida, na pombe imo. Hospitali zenye jina la kutibu akili ziko mbali: Tulizo Letu ya Goma, SOSAME ya Bukavu, Butabika ya Kampala. Tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa na waasi wa M23 mapema 2025, njia ya kusini imekuwa ndefu zaidi. Kwa hiyo mke mwerevu hangoji asubuhi ya "nimechoka" ndipo aulize. Anakwenda Hospitali Kuu au kituo cha afya cha jirani mapema, anauliza nani anajua kazi hii, anaweka jina hilo akilini. Mlango wa mlevi hufunguka kwa muda mfupi, pengine siku moja.

Kuhusu watoto nina neno refu kidogo, kwa sababu ndio wanaosahaulika ndani ya waliosahaulika. Binti wa kwanza wa mlevi anageuka mama akiwa darasa la tano. Anajua kusoma hatua za miguu uwanjani, anajua kumficha mdogo wake, anajua kusema uongo kwa mwalimu. Anasifiwa: mtoto mwenye akili, hasumbui. Hakuna anayeona kwamba hachezi. Kijana wa kiume anaanza kumchukia baba, na akifika miaka kumi na sita anakunywa naye meza moja.

Hata hivyo si mkosi unaorithiwa. Emmy Werner, mwanasaikolojia wa Marekani, alifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii. Miongoni mwao 49 walikuwa na mzazi mlevi. Walipofika miaka 18, asilimia 41 walikuwa na matatizo makubwa ya maisha, na asilimia 59 hawakuwa nayo. Tofauti kati ya makundi hayo ilitokana kwa sehemu kubwa na malezi ya miaka ya mwanzo: matunzo waliyoyapata wakiwa wachanga, na mtu mzima aliyebaki imara kando yao. Bibi anaweza kuwa mtu huyo. Mwalimu wa kwaya anaweza. Mjomba anayekuja kila Jumamosi kumchukua mtoto kwenda kutazama mpira anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani. Na mtoto aambiwe wazi, kwa maneno ya umri wake: baba ni mgonjwa wa pombe, si wewe uliyemfanya hivyo, na si kazi yako kumponya. Wengi wetu tunafikiri tukinyamaza hajui. Anajua. Asichojua ni kwamba si kosa lake.

Sasa, msaada upatikane wapi kwa watu wazima? Ninapowasikia wageni wakisema Bunia haina vikundi vya kusaidiana, najiuliza kama wamewahi kukaa mtaani. Mji huu una vikundi kupita kiasi. Kuna likelemba za sokoni, kuna AVEC za kuweka na kukopa, kuna shirika za Wakatoliki, vikundi vya wamama vya kanisa la CECA 20, vya kuomba, vya msiba, vya watu waliotoka kijiji kimoja. Wanakutana kila juma, wanajuana, wana daftari, wana adhabu ya anayechelewa. Kinachokosekana ni ruhusa ya kusema neno moja.

Na ruhusa hiyo ina kikwazo cha kweli: umbea. Mwanamke akisema leo kwamba mume amemwaga sufuria, kesho habari iko kwa shemeji, keshokutwa anarudi na alama usoni. Kwa hiyo kikundi cha jamaa wa walevi hakiwezi kuwa kikundi kizima cha likelemba. Kiwe watu watano, sita, waliochaguana, ikiwezekana wa mitaa tofauti, wanaobaki baada ya michango kuhesabiwa. Kanuni zenyewe ni fupi: kinachosemwa kinabaki hapo, mtu anasema habari yake, si ya mume kutwa nzima, hakuna anayemwagiza mwenzake aondoke au abaki. Hiyo ya pili inashangaza watu. Jaribu kumwomba mke wa mlevi azungumze dakika tano kuhusu nafsi yake bila kumtaja mume. Wengi hawafiki dakika ya pili.

Je, wanawake wa kawaida wanaweza kuongoza kitu kama hicho bila mtaalamu? Mfano mzuri uko kwetu. Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha mwaka 2013 matokeo ya vikundi vya tiba kwa wanawake wa Kivu waliobakwa, vikiongozwa na wasaidizi Wakongomani ambao si madaktari wala si wanasaikolojia. Walifundishwa, wakasimamiwa, wakaachwa wafanye kazi. Miezi sita baadaye, wanawake wenye dalili za huzuni au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vikundi hivyo, na asilimia 42 miongoni mwa waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Kundi, basi, si dawa ya maskini waliokosa daktari. Huko Lusaka, Zambia, jaribio la familia 248 zilizokuwa na ulevi na kipigo lilimtibu mke na mume kila mmoja kwa upande wake, na matokeo ya 2020 yalionyesha ulevi na ukatili vikipungua zaidi kuliko kwa familia ambazo hazijatibiwa hivyo. Eldoret, Kenya, washauri wa mtaani walikaa vikao vitano na akina baba wanywaji, wakizungumzia pombe pamoja na ubaba wenyewe. Walikuwa baba tisa tu, wachache mno kutoa hukumu, lakini ni jaribio la kufuatilia.

Ndani ya kikundi hicho swali la pipa la jikoni litakuja, na lisikimbiwe. Atakuwepo anayetonesha kaikpo na atakuwepo ambaye mume wake ameinywa. Kumwambia wa kwanza aache kesho ni kumwambia watoto wake wasile. AVEC inaweza kumkopesha aanze samaki wakavu wa Kasenyi, au unga, au kuuza mkaa. Faida itakuwa ndogo kuliko ya kaikpo, hilo asidanganywe, na atahitaji muda. Nimesikia watu wakiwalaani hawa wanawake kwa ukali ambao hawajawahi kuutumia kwa kampuni za bia zenye magari yaliyopakwa rangi na mabango makubwa. Ukali huo ungeanzia juu ungekuwa na heshima zaidi.

Kisha inakuja siku ambayo wachache wanaifikia: mume ameacha kweli. Lois Wilson wa Marekani aliifikia Desemba 1934, baada ya miaka kumi na sita ya ndoa iliyozama katika pombe. Mumewe, Bill, akaanzisha pamoja na daktari mmoja wa Akron mwaka 1935 vikundi vya walevi wanaoacha. Kila jioni alikuwa kwenye mikutano. Siku moja alimhimiza mke waharakishe wasichelewe, na Lois, mwanamke mpole, akamrushia kiatu. Mume alikuwa mzima, hana pombe mwilini, na mke alikuwa na hasira kuliko miaka yote ya ulevi. Alishangaa mwenyewe. Alikuwa amejenga maisha yake yote juu ya kumponya mtu, na sasa ameponywa na wengine, naye hana kazi. Kutokana na mshangao huo, na kutokana na wake wengine waliokuwa wakizungumza pembeni wakati waume wao wakiwa mkutanoni, yalizaliwa mwaka 1951 yale makundi ya Al-Anon, na mwaka 1957 ya watoto wao.

Kiatu cha Lois kipo Bunia pia. Mume aliyeacha anataka kurudishiwa funguo za kasha la fedha, ambazo mke amezishika kwa miaka. Anataka kumchapa kijana ambaye tangu zamani hamsikilizi. Anataka watu wasahau, kwa kuwa yeye mwenyewe mengi hayakumbuki. Mke ananusa pumzi yake kila akiingia, naye anaona anadharauliwa, na ugomvi unaoanzia hapo umewarudisha wengi kwenye chupa. Kurudia ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, tena mara zaidi ya moja, na si ushahidi kwamba mke alikosea.

Kwa sababu hiyo, mke ambaye mume wake ameacha tangu Pasaka asitoke kikundini akidhani yamekwisha. Ndiye anayehitajika zaidi, kwa kuwa anaweza kumwambia yule ambaye wa kwake ameacha jana mambo ambayo muuguzi hatamwambia: kwamba juma la kwanza amlaze mahali penye mtu wa kumwangalia, na uji uwe karibu, kwamba mwezi wa tatu atakuwa mkali kuliko alipokuwa akinywa, kwamba funguo za kasha zirudi polepole, kwanza fedha ya soko, baadaye ya shule, na kwamba mchango wa likelemba uendelee kulipwa kwa jina la mke.